Juma Ambalo Moshi Ulitushukia

Moshi ukitushukia, ondoa nguo kambani. Hilo lilikuwa somo la kwanza nililofundishwa maishani, kabla hata ya ishara ya msalaba. Kambi yetu ya wafanyakazi, hapa Likasi, ilikuwa chini ya kiwanda, upande jua linapotokea, na kiwanda kilikuwa na bomba la moshi refu kuliko mnara wa kanisa. Moshi wake ulikuwa na tindikali. Ukigusa nguo mbichi, nguo hiyo unaianua ina vitundu, na ukiivaa Jumapili watu wote wa misa wanajua unakaa wapi. Katika kambi yetu sijawahi kuona shuka lililokufa kwa uzee.

Lakini moshi huo huo ndio uliotusomea hali ya hewa. Miezi yote ya kiangazi upepo uliupeleka mbali nasi, ukawashukia wengine huko ng'ambo, na sisi tukaanika bila wasiwasi. Oktoba, joto likishatuchosha kabisa, siku moja upepo unageuka. Watoto wanaanza kukohoa, macho yanawasha, kambi nzima inakimbilia kamba za nguo, na akina mama wanaitana ua kwa ua: "Mvula iko karibu!" Siku chache baadaye inanyesha kweli. Wakubwa wa mjini walikuwa na vyombo vyao vya kupimia upepo. Sisi tulikuwa na kikohozi, na kikohozi chetu kilikuwa hakijawahi kutudanganya.

Kisha kazi ikafa. Sitaki kueleza jinsi ilivyokufa, kwa sababu kila mtu wa umri wangu ana maelezo yake na yote yanaishia kwenye matusi. Mashine zilichakaa, maduka yakaporwa, majirani zetu wengi wakafukuzwa na kupandishwa treni kwa sababu ya kabila lao, na nyumba zao zikabaki milango wazi. Nasema tu yaliyoingia jikoni kwetu. Mposho, yaani ule unga na vyakula ambavyo kampuni ilimgawia kila mfanyakazi, ulikoma. Na moshi ukakoma.

Baba aliendelea kwenda kazini kila asubuhi. Alivaa overoli iliyopigwa pasi, akaweka kichwani kaske yake, ile kofia ngumu ya kazini, akapita njia ile ile ya siku zote. Huko alikaa na wenzake mbele ya mashine zilizolala, jioni akarudi na mikono safi. Zamani mama alikuwa anamgombeza kwa kuchafua taulo. Sasa alikuwa anaitazama ile mikono na kunyamaza, na mimi niliona wazi kwamba inamuuma.

Mama mwenyewe hakukaa kusubiri. Alijitafutia kipande cha ardhi upande wa Kakontwe, nyuma ya shimo la zamani la chokaa lililokuwa na maji chini, akalima kwa jembe na hasira. Mwaka wa kwanza tulivuna mahindi. Tulikula, tukasaga, na kabla hatujamaliza mama akachagua punje nzuri, akazichanganya na majivu, akazijaza kwenye beseni jeupe la bati na kulisukuma chini ya kitanda changu. Hizo zilikuwa mbegu za mwaka uliofuata.

Jaribu wewe kulala juu ya mahindi ukiwa na njaa. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, nimeshaacha shule kwa sababu shule yenyewe ilikuwa imeacha walimu, na kazi yangu ilikuwa kuwatuliza wadogo zangu. Kufikia Septemba tulikuwa tunakula mara moja kwa siku, bukari nyembamba, yaani ugali wetu, na majani ya viazi. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa akilia hadi anapitiwa na usingizi mdomo wazi. Jioni moja nilimwambia mama tuchote kidogo tu, kikombe, nani atajua?

"Ii haiko bukari," mama alisema. "Ii njo mwaka yenye iko nakuya."

"Na kama tunakufa mbele ya mwaka kufika?"

"Basi utakufa, na mbegu itabakia. Enda ulale."

Nilimchukia usiku ule, nasema wazi. Lakini alikuwa anajua anachokilinda. Kote kambini watu walikuwa wameshakula mbegu zao au walikuwa na kiasi cha kupanda mara moja tu. Ukipoteza mbegu zako Oktoba, hakuna ndugu wala rafiki wa kukupa nyingine. Beseni lile lilikuwa mavuno yetu yote, na tulikuwa na nafasi moja ya kulitia ardhini. Ukipanda mapema, jua linaua. Ukichelewa, mvua za mwisho hazikungoji. Kwa hiyo swali la hali ya hewa ya juma lijalo, ambalo siku hizi mwanangu analitazama kwenye simu ili ajue kama avae viatu vyeupe, kwetu lilikuwa swali la kula au kutokula.

Baba aliamini redio. Betri zake alizianika juani kutwa nzima ya Jumapili ili zipate nguvu kidogo za jioni, na sote tulikaa kimya ili zisiishe kwa ajili ya kelele zetu, kama vile kelele zinakula betri. Jumapili moja ya Oktoba msomaji wa redio alimaliza habari, akakohoa, akasoma: "Katika juma linaloanza kesho, mvua kubwa zitanyesha kusini mwa jimbo letu kuanzia Jumanne hadi mwisho wa juma. Wakulima wanaombwa kujitayarisha."

Baba akainua kidole. "Unasikia, Mama? Siku ya mbili, mupaka mwisho ya yenga."

"Redio haina macho," mama akajibu. "Minye nangojea moshi."

"Moshi ya wapi? Moto ilizimika tangu zamani."

"Basi nangojea upepo."

Na kesho yake, haki ya Mungu, moshi ukaja.

Nilikuwa nafua uani. Nilisikia ile harufu kabla sijainua kichwa, koo likakaza, machozi yakatoka. Wanawake walitoka nje kila mlango. Juu ya bomba kulikuwa na moshi mweupe na ulikuwa unatushukia sisi, taratibu, juu ya mapaa yetu. Watoto waliozaliwa baada ya kazi kufa hawakuwahi kuuonja, wakaanza kulia kwa woga. Mama zao walikuwa wanacheka na kupiga vigelegele huku wakikohoa. Elewa furaha hiyo: kiwanda kimewaka, maana yake mposho utarudi, na upepo umegeuka, maana yake mvua ipo njiani. Habari njema mbili kwa kikohozi kimoja.

Nilikimbilia kamba ya nguo kama nilivyofundishwa. Mama akanishika mkono. Kambani kulikuwa na shuka lake jeupe, la mwisho lililokuwa zima.

"Acha," akasema. "Leo iungue. Nilingojea siku ii sana."

Jumanne alasiri mvua ikanyesha, nzuri, ya kulowesha udongo hadi kina cha kiganja kizima. Redio ilikuwa imesema, moshi umesema, mbingu zimesema. Baba alipita sebuleni akitembea kifua mbele, utafikiri yeye ndiye aliyeifungua. Jumatano tulikuwa shambani kabla ya jua, na nje ya mji hapakuwa na kipande kisicho na mtu aliyeinama. Tulipanda beseni lote. Mimi nilitaka tubakize kidogo, lakini safari hii mama ndiye aliyetaka mbegu ziishe, juma zima ni la mvua, tumalize. Jioni alilisuuza beseni na kulipindua juu ya ukuta likauke. Nililala usingizi mtamu kuliko miezi yote iliyopita.

Alhamisi jua lilitoka. Ijumaa jua. Na Ijumaa hiyo jioni, bomba lilikuwa limenyamaza tena.

Baba alirudi nyumbani akakaa kwenye kiti bila kuvua kaske. Mama akamuuliza kuna nini. Kumbe walikuja wageni kutoka mji mkuu kutazama kiwanda, ikaamriwa moto uwashwe waone moshi. Wageni wamekwenda, moto umezimwa.

"Na upepo?" mama akauliza.

Baba alitazama chini. Akaeleza kwamba zamani moto ulikuwa mkali, moshi ukapanda juu sana, ikabidi upepo wenyewe uusukume ndipo utufikie. Safari hii moto ulikuwa mdogo. Moshi haukuwa na nguvu za kupanda, ukajiangukia tu kwa walio chini. Upepo ulikuwa haujageuka hata kidogo. Ile mvua ya Jumanne ilikuwa mpita njia.

Mama alicheka. Sikujua hadi siku ile kwamba mtu anaweza kucheka kwa hasira namna ile.

"Njo kusema balitukohoza bule," akasema. Kisha akaenda kuanua lile shuka, ambalo lilikuwa bado linaning'inia, limejaa matundu.

Juma lililofuata mahindi yalichipua. Hilo ndilo lililonitia uchungu zaidi, kwamba yalituamini. Yalitoka mistari kwa mistari, kijani, na baada ya siku chache yakaanza kujikunja majani kufuata urefu wake, kama mtu anayejifunika kanga jua likimchoma. Udongo ulipasuka. Mashamba yote ya pale yalikuwa hivyo hivyo, na wenye mashamba walikaa pembeni, mikono shavuni, wakitazama mbingu nyeupe.

Sasa lazima nieleze jambo moja. Kwetu mboga zinanyweshewa, mchicha unanyweshewa, nyanya, vitunguu. Mahindi hayanyweshewi. Mahindi ni ya mvua. Mtu akionekana ananywesha mahindi, watu watamcheka kama anayempikia ng'ombe bukari. Shamba la mahindi unalipanda, unalipalilia, na mambo ya maji unamwachia mwenyewe aliye juu. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama zetu na mama zao.

Mama alilishika lile shuka lenye matundu, akalichana vipande virefu, akavisokota na kuvizungusha, akatengeneza kata mbili za kuwekea ndoo kichwani. Moja akanipa mimi.

"Twende ku shimo," akasema.

Tulishuka kwenye lile shimo la zamani la chokaa. Njia yake ilikuwa mawe matupu, meupe, yanayoteleza, na maji yalikuwa chini kabisa. Tukachota, tukapanda, tukavuka hadi shambani, na kila mche ukapata kikombe. Ndoo moja haikumaliza hata nusu ya mstari. Shingo yangu iliwaka moto. Majirani wa shamba walikaa pale wakatutazama, na mama mmoja wa chama cha sala, mtu mwema tu, akashindwa kujizuia.

"Mama, muhindi hainyweshewe! Unataka kuonyesha Mungu kama alisahau? Utamukasirisha."

Mama hakusimama. "Kama atakasirika," akasema, "anyeshe."

Watu walicheka, wengine wakashika midomo. Mimi nilicheka hadi maji yakamwagika shingoni. Lakini mama hakuwa anatania. Alikuwa amemkasirikia kila aliyetoa habari ya juma lile: redio, kiwanda, wageni wa mji mkuu, na nadhani hata Mungu kidogo, ingawa Jumapili alikwenda misa kumpokea katika komunyo kama kawaida.

Baba ndiye aliyekataa. Alisema tunamwaibisha. Alisema maji ya shimo ni mali ya kampuni, na bila ruhusa huo ni wizi. Alisema redio itatoa habari nyingine Jumapili na tungoje. Kila asubuhi akapiga pasi overoli yake mwenyewe, kwa sababu mama hakuwa na muda tena, akaenda kukaa mbele ya mashine. Sikumwelewa. Leo namwelewa kidogo: mtu aliyepangiwa kila kitu tangu ujana, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kilo za unga, hata wakati wa kukohoa, anaanzia wapi kujipangia mvua?

Jumapili akaanika betri. Jioni tukakaa kimya. Msomaji akamaliza habari, akakohoa, akasoma: "Katika juma linaloanza kesho, mvua kubwa zitanyesha kusini mwa jimbo letu..."

"...kuanzia Jumanne hadi mwisho wa juma," baba akasema, kabla ya redio.

Redio ikasema hivyo hivyo.

"Wakulima wanaombwa kujitayarisha," baba akamalizia, na redio ikamfuata nyuma, neno kwa neno, na kikohozi kile kile. Hadi leo sijui walikuwa wanasoma karatasi ile ile au wanapiga kanda ile ile. Baba aliizima. Alikaa muda mrefu mkono wake ukiwa juu ya kisanduku.

Asubuhi baba alivaa overoli, akaweka kaske kichwani, akatoka. Mimi na mama tulikuwa mbele na ndoo zetu. Kwenye njia panda, pale ambapo wafanyakazi hugeuka kwenda kiwandani, nilitazama nyuma ili nimwone akigeuka. Hakugeuka. Alikuwa anakuja nyuma yetu, na ndoo mkononi. Mama alimwona pia, kisha akatazama mbele na kuongeza mwendo ili asimwaibishe kwa kumkodolea macho.

Pale shimoni kulikuwa na mlinzi. Sisi wanawake alikuwa akitufumbia macho, lakini mwanamume wa overoli ilibidi amsimamishe.

"Papa, hapa ni kwa kampuni. Nani alikupa ruhusa?"

Baba yangu hakuwahi kugusa hata msumari bila kibali. Namjua: angeweza kurudi nyumbani siku ile na asingetoka tena.

"Hakuna," baba akasema.

"Hakuna muntu?"

"Hakuna muntu." Akavua kaske, akaipindua, akainama na kuchota nayo kujaza ndoo yake. "Na weye, shamba yako iko namna gani?"

Mlinzi alitazama upande mwingine, kule mashamba yalikokuwa, la kwake likiwemo, limekunja majani kama ya wengine. Kesho yake tulimkuta shimoni ameshika ndoo ya mke wake. Baada ya hapo hakukuwa tena na mtu wa kucheka. Yule mama wa chama cha sala alikuja na binti zake wote, akasema ameomba na ameona si dhambi. Mama akampa kipande cha shuka atengeneze kata.

Sikwambii kwamba ilikuwa raha. Vidole vya miguu vilichubuka, chokaa ikaingia kwenye vidonda. Mistari ya mwisho hatukuifikia, ikafa mbele ya macho yetu, na nililia kwa ajili ya mahindi kama nilivyowalilia wafu. Tulichoweza kunywesha tukanywesha, kikombe kwa kikombe, baba akitumia kaske. Jioni alirudi na mikono myeupe kwa chokaa, akachafua taulo, na mama akamgombeza kwa sauti iliyosikika hadi ua wa tatu. Sijasikia ugomvi mtamu kama ule.

Jumapili iliyofuata baba hakuanika betri. Baada ya kula alisimama mbele yetu, akakohoa kama yule msomaji, akashika kijiko mbele ya mdomo.

"Katika juma linaloanza kesho," akasoma hewani, "kusini mwa jimbo letu, mvula inyeshe, isinyeshe, tutanywesha. Wakulima wanaombwa kujitayarisha."

Wadogo zangu waligaagaa chini kwa kicheko. Huo ndio utabiri pekee wa mwaka ule uliotimia.

Kwa sababu mvua ilikuja katikati ya juma hilo, alasiri, na haikumtuma mtu. Hakuna moshi, hakuna redio. Upepo uligeuka tu, mchanga ukaruka, wingu jeusi likapanda nyuma ya vilima, na kabla hatujatoka vizuri shimoni ikaanguka yote kwa pamoja. Wanawake walitupa ndoo wakaanza kucheza kwenye matope. Mlinzi alikimbia huku na huku akipiga kelele kama mtoto. Mimi nilitua ndoo yangu njiani, nikainua uso, nikanywa.

Mama hakutua ya kwake. Alipita katikati ya wachezaji, ndoo kichwani, maji ya mvua yakiijaza na kumwagikia mabegani, akafika shambani kwenye mche alioachia asubuhi. Akashusha ndoo, akainama, akachota kikombe, akakimimina kwenye shina. Akahamia la pili. Mvua ilikuwa inapiga mgongo wake kwa nguvu, mistari yote imeshakuwa mifereji.

Nikamkimbilia. "Mama! Mvula iko nanyesha!"

"Nilishaiona."

"Shi uache sasa!"

Alinyanyuka, akafuta uso, akatazama juu, macho wazi kabisa ndani ya mvua.

"Ii maji nilibeba minye," akasema. "Yeye wa kule juu aangalie vile banafanyaka."

Akainama tena. Baba alikuwa amefika na kaske iliyojaa, akaanza upande wa pili wa mstari bila kuuliza. Nikarudi njiani, nikaichukua ndoo yangu, nikaanza mstari wangu.